Maandishi ya Kiswahili kwa "To Serve Man": anzia mwisho

Vipindi vya The Twilight Zone, mfululizo wa visa vya ajabu, vilirushwa na televisheni ya CBS huko Marekani kuanzia Oktoba 1959 hadi Juni 1964, jumla 156, na kila kimoja kinasimama peke yake. Watu wapya, mahali papya, kisa kinaanza na kumalizika palepale. Kwa usiku mmoja wa maskani hakuna kinachofaa zaidi, maana hakuna atakayeuliza yule alikufa lini na huyu ni mtoto wa nani.

"To Serve Man" kilirushwa tarehe 2 Machi 1962. Kama hujakiona, kakitazame kwanza kisha urudi, kwa sababu kazi ya kukiwekea maandishi ya Kiswahili chini ya picha inaanzia sentensi ya mwisho. Kisa chenyewe kifupi. Wageni wa urefu wa futi tisa, Wakanamiti, wanatua duniani, wanahutubia Umoja wa Mataifa na kuahidi kumaliza njaa na vita. Mmoja wao anaacha kitabu. Michael Chambers na wenzake, mafundi wa kufumbua maandishi ya siri, wanafaulu kusoma jina la kitabu tu, na jina ni jema: "To Serve Man". Watu wanatulia, kisha wanapanga foleni kwenda kutembea kwenye sayari ya wageni. Chambers akiwa kwenye ngazi ya chombo chao, msaidizi wake Patty anakuja mbio akipiga kelele: yaliyomo ndani ameyafumbua, nacho ni kitabu cha mapishi.

Kila kitu kinaning'inia kwenye neno "serve", ambalo kwa Kiingereza ni kutumikia na ni kupakua chakula. Ukilikosea hilo, dakika 25 zote zinakwenda bure hata kama mistari mingine umeipiga pasi. Kwa hiyo usifungue programu ya maandishi, usigawe mistari vipande, mpaka jina la kitabu liwe limepatikana.

Jina la kitabu

Wengi hukimbilia "Kumtumikia Binadamu". Ni sahihi kwa kamusi na ni bovu kwa kisa: Patty atakapotaja mapishi, mtazamaji atabaki anajiuliza mapishi yametoka wapi. Kutumikia hakuna jiko ndani yake. "Kumhudumia" kuna harufu ya ofisi na wodi. Mhudumu wa mkahawani anamhudumia mteja, hamuweki mezani. "Kumpakua" kunafanya kinyume chake, kunatoboa siri tangu dakika za mwanzo, na barza nzima itacheka pale panapotakiwa watu wapumue kwa raha. "Kumwandalia" kunakaribia, lakini ile -lia inamfanya binadamu awe mlaji. Ukimwandalia mtu, yeye ndiye anayekula. Hakugeuki tena.

Neno ni *andaa*. Kumwandaa mtu ni kumtayarisha kwa jambo jema: bibi harusi huandaliwa, mwanafunzi huandaliwa kwa mtihani. Na katika nyumba hiyohiyo, jua likikaribia kuzama Ramadhani, mama anasema "andaeni futari", na sinia zinatandazwa mkekani. Maana zote mbili zimo kinywani mwa kila mtu wa Unguja na Pemba, wala hakuna anayezifikiria kwa pamoja hadi alazimishwe. Jina basi ni Kumwandaa Binadamu.

Angalia na ile -m-. Kiswahili kinamtambua kiumbe kwa kiambishi hicho, na chakula kinaweza kukaa bila nacho: tunakula samaki, tunaandaa wali. Ukiandika "Kuandaa Binadamu" umeshamgeuza kitoweo kabla ya wakati, na sikio la Mswahili litakwaruzika hata kama mwenyewe hajui kwa nini. Ibakishe -m- kila jina linapotajwa kabla ya ngazi ya chombo. Patty anapolitaja mara ya mwisho liache vilevile, usilibadilishe ili kusaidia. Watu wa huku wamelelewa na mafumbo ya kanga na taarab. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Kwa sababu hiyohiyo usilitie rangi jina, wala herufi kubwa tupu, wala nukta za mshangao. Alama yoyote ya kukonyeza na watu watakaa macho.

Lijaribu kabla ya kuendelea. Mtafute mtu asiyekijua kisa, mwambie: kuna wageni wametoka mbali, wana kitabu kinaitwa Kumwandaa Binadamu, unadhani kina nini ndani? Akijibu elimu, dini, au kutengeneza watu wawe bora, endelea. Wajaribu watatu hivi. Wawili wakicheka na kusema "wanataka kutula", tatizo mara nyingi ni namna ulivyouliza, si neno. Uliza tena kwa mwengine na uso mkavu.

Yanayolilinda jina

Katika kisa Mkanamiti anahojiwa akiwa amefungwa mashine ya kupima uongo, na mashine inaonesha anasema kweli. Hili linambana mfasiri kuliko anavyodhani. Kila ahadi ya Mkanamiti lazima iwe kweli ukiisoma mara ya pili, ukiwa umeshajua. Usimtie maneno ya "tutawalinda milele" au "tunawapenda" kwa sababu tu yanasikika vizuri. Kwenye habari ya kumaliza njaa, "kila mtu atashiba" ni mstari mzuri: ni kweli, ni mwepesi kusomeka, na mtu akiukumbuka njiani kurudi nyumbani utamkaa kooni.

Wakanamiti waandike kwa m-/wa-: Mkanamiti, Wakanamiti, amefika, wamesema. "Madude" au "majitu" ni hukumu, na kisa hakijahukumu bado. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa wawaite "wageni wetu", kama wageni wanavyoitwa. Wao kwa wao wajumbe ni "mheshimiwa". Patty na Chambers ni msaidizi na mkubwa wake kazini, kwa hiyo "Bwana Chambers" hadi mwisho, hata anapopiga kelele, ukimfanya aseme "Michael!" unaanzisha mapenzi ambayo hayamo.

Chombo cha wageni kiite *chombo*. Si "meli ya angani", si "roketi". Chombo ni jahazi, na vyombo vinaoshwa jikoni. Lugha imekupa zawadi, ipokee na unyamaze.

Kuna sehemu nyengine ndogo ambayo Kiswahili kinaipendezesha kuliko Kiingereza chake. Mwishoni Chambers amefungiwa ndani ya chombo na anahimizwa ale, asije akapungua uzito. Andika "Kula, Bwana Chambers. Usije ukakonda." Ndivyo anavyosema kila shangazi kwa kila mgeni, na ndiyo maana kinatisha.

Maelezo ya mwanzo na ya mwisho yanasemwa na Rod Serling mwenyewe, muasisi wa mfululizo, aliyeandika mchezo huu kutoka hadithi ya Damon Knight ya 1950. Yaweke kwa herufi za mlalo ili watu wajue si mhusika anayesema. Katika maneno yake ya kufunga, Serling anacheza na safari ya mtu kutoka vumbi hadi kuwa kitamutamu cha baada ya chakula. Usifukuzie kitamutamu, kwetu mlo hauishii hapo. "Katoka udongoni, kaishia kitoweo" inabeba kazi yote, na mizani yake inasomeka kwa pumzi moja. Jina la mfululizo ukitaka kulifasiri, "Ukanda wa Utusitusi" linafaa. "Magharibi" liache, watu watafikiri Ulaya, au sala.

Kukata na kupanga

Programu za bure zipo. Subtitle Edit na Aegisub zote zinafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Faili la mwisho liwe la aina ya SRT, ambalo ni maandishi matupu: namba ya kipande, saa ya kuingia na kutoka, mstari mmoja au miwili, kisha mstari mtupu. Kwa kipindi cha dakika 25 chenye maneno mengi kama hiki, tegemea vipande kati ya 250 na 350.

Vipimo ni hivi. Mstari usizidi herufi 42 pamoja na nafasi, na mistari isizidi miwili. Kipande kisikae chini ya sekunde moja wala zaidi ya saba. Kasi ya kusoma inayokubalika kwa mtu mzima aliyekaa peke yake ni herufi 17 kwa sekunde. Kwa uwanja wenye watoto, wazee na wauza karanga, shusha hadi 15 au hata 13. Kati ya kipande na kipande acha mwanya wa fremu mbili, kama milisekunde 80, ili jicho lijue maandishi yamebadilika.

Kiswahili kinasumbua mahali pamoja: kitenzi kimoja kinaweza kuwa na herufi 16 na hakikatiki. "Hawatatuangamiza" ama kinaingia mstarini kizima ama kinashuka kizima. Kata mstari pale maana inapopumua, na usiitenge nomino na *cha*, *ya* au *wa* yake. "Ni kitabu" juu na "cha mapishi" chini ni kosa popote, na hapa ni jinai.

Sentensi ya mwisho ya Patty igawe vipande vitatu. Namba na saa hapa ni za mfano, wewe utafuata nakala yako:

312
00:22:10,000 --> 00:22:12,600
Usipande chombo hicho, Bwana Chambers!

313
00:22:12,700 --> 00:22:15,000
Kile kitabu, Kumwandaa Binadamu...

314
00:22:15,100 --> 00:22:18,000
ni... ni kitabu cha mapishi!

Cha kwanza kina herufi 38, kwa kasi ya 15 kinataka sekunde mbili na nusu. Cha tatu kina 28, lakini kipe sekunde karibu tatu kwa sababu watu watakisoma mara mbili. Mwigizaji anasita, anairudia "ni" yake kabla ya kulitoa neno, na bahati nzuri Kiswahili nacho kinaliweka *mapishi* mwisho kabisa. Kosa la kawaida ni kuvibana vyote vitatu katika kipande kimoja cha mistari miwili. Macho hukimbia kuliko masikio: watazamaji wanaruka hadi "mapishi" Patty akiwa bado kwenye "Usipande", mayowe ya barza yanatangulia mayowe yake, na kisa kinakufia mkononi. Kipande cha tatu kiingie pamoja na sauti, au nusu sekunde baadaye. Kamwe kisitangulie.

Kuna ugonjwa wa pili unaoleta balaa hilohilo. Filamu ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Nakala za Marekani nyingi zinakwenda 23.976, na zile zilizotengenezwa kwa televisheni za Ulaya zinakwenda 25, yaani zimeharakishwa kwa zaidi kidogo ya asilimia 4. Kipindi cha sekunde 1,500 kinakuwa cha 1,439. Ukipanga maandishi kwa nakala ya 25 kisha ukaonesha ya 23.976, mwanzo utaona kila kitu kiko sawa, katikati maandishi yanatangulia nusu dakika, na mwishoni siri inatoka dakika nzima kabla ya Patty hajatokea. Namna ya kuutambua: angalia kipande cha kwanza na cha mwisho. Kosa likiwa sawa pande zote mbili, sogeza faili lote. Kosa likikua kadiri unavyokwenda, ni kasi ya picha. Itumie programu ibadilishe kasi, au linganisha kwa nukta mbili, sentensi ya kwanza na ya mwisho, nayo itavuta zilizo katikati. Usijaribu kuponya hilo siku ya onesho kwa vitufe. Katika VLC, programu ya kuchezea video, H inachelewesha maandishi na G inayawahisha, milisekunde 50 kwa kila bonyezo, na dakika moja ni mabonyezo 1,200.

Hifadhi faili kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, ulipe jina lilelile la video, uliweke folda moja nayo. Kiswahili hakina herufi za kigeni, kwa hiyo watu hujisahau, halafu siku yenyewe *ng'ombe* anatokea ukutani kama ngâ€™ombe. Chanzo ni ile alama ya kupinda ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe badala ya iliyonyooka. Kabla ya kuhifadhi, tafuta kila alama iliyopinda uibadilishe kwa '. Kisa hiki kimejaa njaa na shibe, *ng'* hazikosekani. Maneno ya wahusika yanayotaja saa nayo yapitie: saa ya Kiingereza punguza au ongeza sita, kumi na mbili mchana iwe saa sita.

Rangi ya herufi iwe manjano, na ukingo mweusi. Kipindi ni cha nyeusi na nyeupe, hakuna manjano nyengine kwenye picha, na nyeupe itapotea kwenye mavazi mepesi ya Wakanamiti.

Kwa watoto wasiosoma haraka, inawezekana kuweka sauti badala ya maandishi. Anza na Mkanamiti, ndiye mwepesi kuliko wote: Richard Kiel, aliyewaigiza, hafungui mdomo anapozungumza, kwani wageni hawa husema kwa mawazo na sauti inatoka kwa mtu mwengine, Joseph Ruskin. Hakuna midomo ya kulinganisha. Msomaji mmoja mwenye sauti ya chini, akisoma polepole bila kupandisha wala kushusha, anatosha. Patty mpe dada mwenye pumzi.

Ukuta, umeme na ruhusa

Kipindi bado kina wenyewe. Kukitazama na wanao sebuleni ni jambo moja, kukionesha hadharani kunataka ruhusa ya mwenye haki, na filamu za kuoneshwa hadharani Zanzibar hupitia BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Habari za hakimiliki ni za COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Kamilisha hayo kabla ya kubandika tangazo kwenye mlango wa skuli, si baada yake.

Picha ina umbo la 4:3, karibu mraba. Usiivute ijaze skrini pana. Kiel alikuwa na urefu wa mita mbili na ushee, ukimtandaza anakuwa pipa. Upana wa mita 1.8 kwa kimo cha 1.35 unaingia kwenye shuka ya kitanda cha sita kwa sita na unawatosha watu 30 hadi 40. Herufi zisipungue moja ya ishirini ya kimo cha picha, hapa kama sentimita 7. Ukuta laini uliopakwa chokaa karibuni ni bora kuliko shuka. Ukuta wa mawe usiopigwa lipu, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani, unawapa waigizaji ndui.

Shuka ina adui mmoja, upepo. Wakati wa kusi uwanja ulio wazi unaifanya tanga, na maandishi yanapanda na kushuka hadi watu wanaumwa na kichwa. Tafuta ukuta wa kukinga upande wa kusini, jaza mchanga kwenye pindo la chini ulishone, na funga pembe zote nne, si mbili za juu pekee.

Anza baada ya Isha, saa mbili na robo hivi. Kabla ya saa tatu umemaliza. Ramadhani subiri tarawehe ziishe. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha giza likishakuwa giza, na taa moja ya barazani karibu na ukuta inatosha kuiharibu, kwa hiyo kamuombe jirani mapema. Spika moja iwekwe chini ya picha. Sauti ya kipindi ni ya njia moja (mono), spika mbili zilizoachana zinaongeza mwangwi tu. Umeme ukikatika, laptopu ina betri, projekta haina: feni yake inasimama taa ikiwa bado ya moto. Ukirudi usiiwashe papo hapo, ipe dakika kumi ipoe. Jenereta iwe nyuma ya nyumba na waya mrefu, la sivyo hakuna atakayesikia kelele za Patty.

Muuza supu ya pweza mkaribishe, ila afike mapema na afunike sufuria. Maneno ya kufunga ya Serling yanataja supu ya mtu. Subiri sauti yake inyamaze, picha ibaki nyeusi kwa sekunde mbili, ndipo taa ziwashwe na sufuria lifunuliwe.